Jembe la Ijumaa

Katika soko la wakulima la Mushasha, hapa Gitega, kuna mabenchi sita ya mkaratusi, na Gaudensia hajawahi kukalia hata moja. Miaka minne sasa. Wenzake hukaa, hula mahindi ya kuchoma, hunyonyesha, husinzia mvua ikipiga turubai. Yeye yuko wima. Anapanga mafungu ya mboga za lengalenga ambayo yamekwisha kupangwa. Anatazama mizani. Anatoka mpaka barabarani kuangalia kama baiskeli za Makebuko zimefika, anarudi, anatoka tena. Mafundi baiskeli wa ng'ambo humtania: "Mama, barabara hii umeshaimaliza. Tukutafutie nyingine?"

Mabenchi hayo aliyatengeneza mzee Nazario, fundi seremala, jirani yake kilimani Makebuko. Siku alipoyaleta alipiga kofi ubao wa mwisho akasema, "Na wewe hapa ndipo pako."

"Nitakaa siku tutakapopata mnunuzi wa mwaka mzima," Gaudensia akamjibu.

"Basi mbao zitaoza kabla yako."

Gaudensia alizaliwa Gasorwe, huko Muyinga, akatoka huko akiwa mgongoni kwa mama yake. Alikulia kambini Tanzania, upande wa Ngara, mahali ambapo karibu kila mtu alikuwa mkulima na hakuna aliyekuwa na shamba. Chakula kilikuwa foleni. Mama yake alikuwa akitoa bakuli mbili za mahindi ya mgawo na kuzibadilisha kwa mchicha katika soko la kambi. Huko, kati ya wanawake waliotandika magunia chini, binti akajifunza somo moja: wauzaji wakishikilia bei moja, mnunuzi mkorofi hunywea, wakitupiana macho na kushushiana, huondoka na mali yao kwa bei ya kuokota.

Walirudi akiwa na miaka kumi na saba. Kipande cha shamba la baba kikabaki kwa mdogo wake, Kastori. Yeye akaolewa na Eliud, mwashi aliyekulia kambi hiyohiyo, akamfuata Makebuko. Na Makebuko akakutana na lori.

Lazima niseme habari ya lori, maana bila lori hakuna Gaudensia. Kila mavuno lilipanda kilimani na kushusha mtu mmoja mwenye bunda la magunia. Magunia yale yalikuwa yameongezwa midomo: kipande cha neti kimeshonewa juu, urefu wa mkono. Tanzania wanaita lumbesa. Mkulima anajaza gunia, kisha anajaza kile kilemba kilicho juu ya gunia, kisha vijana wawili wanapanda juu na kukanyaga, kisha wanajaza tena. Hilo linaitwa gunia moja. Aliyeinama miezi mitano analipwa gunia. Aliyesimama dakika tano anaondoka na gunia na nusu. Na jambo hili linafanyika mchana kweupe, mbele ya watu wazima wenye heshima zao, nasi tuliosoma kilimo darasani tunaliita mnyororo wa thamani. Ni wizi ulioshonwa kwa uzi.

Gaudensia hakuuita chochote. Alienda nyumba kwa nyumba. Alikusanya familia thelathini, wakanunua mizani moja ya kutundika na turubai mbili, wakaomba kiwanja Mushasha kwa siku za Jumatano na Jumamosi. Wakawekeana sheria moja tu: anayeuza ni aliyelima. Mchuuzi haruhusiwi kuvuka kamba inayozunguka soko.

Ndiyo maana Donatienne alikuwa nje ya kamba. Donatienne ni Mkongomani wa Uvira, mkimbizi, mama wa watoto wanne, anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, chumvi na chochote kinachoweza kununuliwa kijiji hiki na kuuzwa kijiji kile. Aliomba nafasi mara tatu.

"Una shamba?" Gaudensia alimuuliza kila mara.

"Shamba yangu iko hapa," Donatienne alijibu, akigonga beseni kichwani. "Naitembeza. Yako ndiyo imelala."

Kwa miaka miwili akauza juani, hatua tatu kutoka kwenye kivuli cha turubai, na bado wakawa marafiki. Wa kutukanana, lakini marafiki.

Soko lilianza vizuri kisha likaanza kukauka. Mama wa nyumbani ananunua mafungu mawili. Mengine yananyauka na kurudi Makebuko kwenye baiskeli, kupanda mlima mara ya pili kwa aibu. Kiangazi kilipoisha, familia kumi na moja zilikuwa zimerudi kwa lori. Zikabaki kumi na tisa. Gaudensia alijua, kila mtu alijua, kwamba zikiondoka nyingine tano hakutakuwa na soko.

Shule zilipofunguliwa, akaja Sista Emerensiana, msimamizi wa stoo na jiko katika shule moja ya bweni. Alitembea kati ya mafungu, akavunja kiazi kitamu kimoja, akakinusa.

"Kilo mia nne," alisema. "Kila Jumamosi, kabla ya saa nne asubuhi. Mnaweza?"

"Tunaweza, Sista."

"Wote husema tunaweza, halafu wananiletea maelezo. Watoto wangu hawali maelezo. Leteni Jumamosi hii, na mwaka mzima ni wenu. Msipoleta, bwana wa lori namba yake ninayo."

Gaudensia alipanda Makebuko siku hiyo kama mtu anayekimbizwa. Wakakubaliana: Ijumaa asubuhi familia zote kumi na tisa zitashuka bondeni kuchimba, kila moja kwenye matuta yake, na jioni baiskeli zipakie. Mzee Nazario akasema sasa atatengeneza benchi la saba, kwa kuwa mnunuzi wa mwaka mzima amepatikana na mtu fulani aliahidi kukaa.

Alhamisi alasiri Nazario akafa. Alikuwa ameshika randa, ubao wa benchi hilo ukiwa umesawazishwa upande mmoja. Akainama kama anayetafuta kitu katika maranda, na hakuinuka.

Mwanawe mkubwa anafanya kazi Bujumbura, na kwa uhaba huu wa mafuta hakuna aliyejua atapata gari saa ngapi. Maziko yakawekwa Jumamosi mchana.

Kilima kile kina desturi yake. Mtu akifa, majembe yanalala. Jembe la kwanza kugusa udongo ni lile la kuchimba kaburi, na kaburi huchimbwa siku ya kuzika. Kabla ya hapo hakuna mkono unaoinua jembe kilima kizima, hata wa mtu aliyegombana na marehemu. Gaudensia alilijua hilo. Sitamtetea kwa kusema hakujua. Lakini alikuwa amekulia mahali ambapo walizika asubuhi na mchana wakarudi kwenye foleni ya mahindi, kwa sababu foleni haikungoja mtu. Na Gasorwe kwao, wakati wa msiba watu huacha kulima, ila kuchimba viazi vya chakula cha jioni hakuna aliyekukataza. Usiku kucha akaligeuza neno hilo mpaka likamfaa: kuvuna si kulima.

"Kilo mia nne ni chakula cha jioni cha nani?" Eliud alimuuliza alipomwona anatafuta jembe alfajiri.

"Nazario mwenyewe angependa soko life?"

"Nazario hata hajazikwa, unamsemea? Kaa, mke wangu."

Hakukaa. Alishuka bondeni peke yake. Hakukuwa na sauti yoyote: hakuna jembe, hakuna anayemwita mwenzake tuta kwa tuta, vyura tu. Alichimba haraka, akakata viazi vingi kwa pupa, akajaza gunia moja, akaanza la pili. Akadhani ukungu unamficha. Ukungu huficha mtu, haufichi sauti. Jembe likagonga jiwe, ngaa, na mlio ukapanda kilima chote mpaka kwenye ua wenye msiba.

Haukupita muda akaja Martha, dada yake Nazario, mwanamke wa miaka sitini, kanga imefungwa kiunoni kwa nguvu.

"Gaudensia."

"Mama."

"Unachimba nini?"

"Viazi tu, mama. Ni vile—"

"Mimi nikafikiri unachimba kaburi. Maana kaka yangu bado hajapata lake." Martha alitazama gunia. "Adventina amesikia. Unajua mjane ameuliza nini? Ameuliza: nani huyo ameanza kumfukia mume wangu kabla watoto hawajafika?"

"Mama, Sista anangoja kesho. Tukikosa kesho, soko limekwisha. Soko lenu."

"Sista anangoja viazi. Nazario anangoja udongo. Nani ametangulia kwenye foleni? Ninyi wa kambini si ndio mnajua foleni?"

Gaudensia aliacha jembe mlemle tutani, akabeba gunia lililojaa kichwani, Martha akachukua lile nusu, wakapanda kilimani. Viazi vilivyochimbwa majembe yakiwa yamelala visingeweza kuuzwa tena. Kwenye ua wa msiba wanawake wakavipokea, wakaanza kumenya kwa ajili ya wafiwa. Hakuna aliyemsalimu. Macho yalikuwa kwenye visu.

Saa tatu asubuhi alikuwa senta ya Makebuko, akizunguka, haendi popote. Donatienne alikuwa ametandika ndagala zake.

"Dada, we uko na nini? Uso iko kama ya mtu amefukuzwa na nyuki."

Akamweleza. Donatienne alisikiliza huku akipima chumvi kwa kikopo.

"Donc, basi, kilima yote haiwezi kuchimba. Kilima hii. Kwenu Gasorwe kuna mtu amekufa?"

"Sheria ya soko, Donatienne. Anayeuza ni—"

"Sheria yako mi naijua kuliko we! Si ndiyo inanichoma jua miaka mbili? Simama. Hapana, umeshasimama. Twende."

Walishuka Gitega kwa baiskeli mbili za kukodi. Kwenye maegesho ya magari ya Muyinga kulikuwa na gari moja na abiria ishirini, na dereva aliyekuwa anangoja lita tano kutoka kwa mtu aliyeahidiwa na mtu. Gaudensia alilizunguka gari lile mpaka dereva akatoa kichwa.

"Mama, hii gari inatumia mafuta. Haiendi kwa miguu yako."

Waliondoka saa sita. Walifika Gasorwe jua likianza kulegea, wakaingia kwa Kastori, ambaye hakuwa amemwona dada yake tangu Pasaka na sasa alimwona akiingia uani na kuuliza bei ya viazi kabla ya kuuliza hali ya watoto.

Kastori akawaita majirani. Viazi vilikuwepo. Fedha zilikuwa mtaji wa ndagala wa Donatienne, na Donatienne ndiye aliyetoa magunia kwenye fuko lake, akayatikisa. Gaudensia akayaona. Midomo imeongezwa neti, urefu wa mkono.

Kastori naye akayaona. Akacheka, lakini si kwa furaha. "Kumbe, dada! Siku hizi lori ni wewe?"

"Si haya," Gaudensia alisema.

"Ni haya iko," alisema Donatienne. "Ndiyo magunia ya kazi. Kila mchuuzi iko nayo. We unataka ya kwenda nayo kanisani?"

"Tutakata."

"Nini?"

"Neti. Nipe kisu, Kastori."

"Ee Mungu wangu! Kesho saa nne tunangojewa, kutoka hapa mpaka Gitega hatujui tutapanda nini, na huyu anashona!"

"Sishoni. Nakata." Akakata neti zote, moja baada ya moja, amesimama, na majirani wa Kastori wakimtazama. Mmoja wao, mwanamume mrefu ambaye hakuwa amesema kitu, akaenda nyumbani kwake na kurudi na viazi vizuri zaidi ya vile alivyoleta kwanza. Nasema hili kwa wale wanaoamini kwamba mkulima haoni. Mkulima anaona. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha kwamba ameonekana.

Alfajiri, lori lililokuwa linarudisha kreti tupu za bia Gitega likawabeba juu ya kreti hizo, pamoja na magunia yenye midomo iliyokatwa. Saa nne kasoro robo walikuwa mlangoni pa stoo ya shule. Sista Emerensiana alipima mwenyewe. Kilo mia nne na tatu. Akavunja kiazi, akakinusa, akasita.

"Udongo huu si wa Makebuko."

Angeweza kusema ni wa Makebuko. Donatienne, nyuma yake, alikuwa akiombea aseme hivyo.

"Ni wa Gasorwe, Sista. Nimenunua. Makebuko tumefiwa, majembe yamelala. Mzee anazikwa leo."

"Anazikwa saa ngapi?"

"Saa sita."

Sista aliweka kiazi juu ya mizani, taratibu. "Na wewe jana ulikuwa Muyinga unanitafutia viazi. Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Ulisema watoto hawali maelezo."

"Watoto hawali, mama. Mimi ninasikiliza. Nina mchele wa siku tatu humu stoo. Ningengoja mpaka Jumatatu." Alimtazama. "Mimi pia nimetoka kilimani. Kwetu nako majembe hulala."

Donatienne anasema hapo ndipo alipomwona Gaudensia akigeuka kutazama njia ya sokoni. Safari yote ile, jembe lile la Ijumaa, wanawake wale wasioinua macho: kumbe ilikuwa hatua mia mbili tu, kutoka soko mpaka mlango huu, na kufungua mdomo. Alikuwa ametembea kila mahali isipokuwa hapo.

"Mwaka mzima ni wenu," alisema Sista. "Jumamosi ijayo, vya Makebuko. Sasa nenda ukazike."

Hakuwahi maziko. Baiskeli ilipata pancha njiani, akamaliza mlima kwa miguu, karibu anakimbia. Alifika saa nane, udongo ukiwa tayari umejaa na msalaba umesimama. Majembe ya kaburi yalikuwa yameoshwa, yameegemezwa ukutani, yakidondosha maji. Na lake lilikuwapo. Mtu alikuwa ameenda kulitoa tutani, na kwa hilo pia walikuwa wamechimba kaburi.

Adventina alikuwa ameketi chini, miguu imenyooshwa, kitambaa kichwani. Gaudensia akapiga magoti. Alikuwa na maneno mengi: kwamba soko limepona, kwamba Sista amekubali, kwamba familia zile kumi na moja sasa zitarudi. Alianza.

"Mmepata mnunuzi?" Adventina akamkatiza.

"Tumepata, mama. Wa mwaka mzima."

"Alikuwa akilisema hilo kila siku." Mjane akageuza uso kuelekea kwenye kibanda cha useremala. "Nenda kalilete lile benchi."

Lilikuwa na miguu mitatu. Ubao upande mmoja laini, upande mwingine magome na vibanzi. Eliud akaliwekea tofali mahali pa mguu wa nne.

"Kilima kinaanza kulima Jumatatu," alisema Adventina. "Nyumba hii haitashika jembe mpaka siku ya kuondoa msiba, si Jumapili ya kesho, ile inayofuata. Na wewe utakuwa wa nyumba hii. Kaa."

"Mama, Ijumaa kuna kuchimba kwa ajili ya—"

"Kaa, Gaudensia."

Akakaa.

Alikaa Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Soko la Jumatano likafunguliwa bila yeye, na mizani ikashikwa na Donatienne, ndani ya kamba. Nani alimruhusu, hakuna aliyesema, ila Martha ndiye aliyeiinua kamba. Ijumaa asubuhi Gaudensia alikuwa kwenye benchi la miguu mitatu, upande wa vibanzi, wakati bonde lilipoanza kuita. Jembe moja, kisha matano, kisha hakuweza tena kuhesabu. Walikuwa zaidi ya kumi na tisa. Mguu wake wa kulia ukawa unapigapiga chini. Chini kabisa, upande wa mto, mtu fulani alikuwa akichimba karibu mno na shina. Alisikia kabisa mlio ule wa jembe linalokata kiazi badala ya kukitoa. Akainuka nusu.

"Gaudensia," alisema Adventina, hakugeuka hata kumtazama.

Akaketi tena. Tofali likayumba, benchi likakaa sawa.

Jioni Martha akapita mlangoni akielekea kupakia baiskeli, matope mpaka magotini, akasimama kidogo.

"Kilo mia nne na kumi na mbili," alisema. "Bila wewe."

"Mizani mmeirudisha sifuri kabla ya kupima?"

Martha akafuta matope kiganjani kwa kanga. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa nyingine, akanyoosha mkono na kumsalimu.